"Kwangu Inafanya Kazi!": Pesa za Watu na Programu Zisizojaribiwa



Kila saiba ninayoingia hapa Mombasa siku hizi simkosi kijana anayeandika programu. Wengine wanajifunza, wengine wameshapata mteja: duka la nguo, mama anayepika biriani ya oda, chama cha akina mama cha kuweka akiba. Na karibu kila mteja ana ombi lilelile: anataka watu wamlipe kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye tovuti yake. Kijana anaingia kazini, baada ya siku mbili tatu anatangaza kuwa tayari, inafanya kazi. Ukimuuliza ameijaribu vipi anakuonyesha palepale. Anaagiza, simu inaleta ombi la kulipa, anaweka PIN, tovuti inaandika asante. Umeona?

Nimeona. Nimeona jaribio moja, la njia moja, siku ambayo mtandao ni mzima, salio lipo na mteja ni mwaminifu kwa sababu mteja ni yeye mwenyewe. Siku kama hiyo hata programu mbovu hufanya kazi. Mimi nataka tuongee kuhusu siku nyingine zote.

Nimechagua malipo ya M-Pesa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza sote tunaijua. Pili, ukikosea kwenye rangi ya tovuti mteja atanuna kidogo halafu atasahau. Ukikosea kwenye pesa zake hasahau, na mtaa mzima utajua.

Kwa wale wapya: API ni nini? Fikiria dirisha la posta au benki. Huruhusiwi kupita nyuma ya kaunta ukajichukulie. Kuna fomu, ina nafasi zake za kujaza, ukijaza vibaya inarudishwa, ukijaza vizuri kazi inafanyika huko nyuma usikokuona. API ni hilo dirisha, ila badala ya wewe kusimama pale, programu yako ndiyo inayopeleka fomu kwa programu ya mwingine. Fomu zenyewe siku hizi huandikwa kwa mtindo unaoitwa JSON, ambao ni majina na thamani zake ndani ya mabano, na husafiri kwa HTTP, njia ileile inayokuletea kurasa za wavuti. Majibu huja na namba. 200 ni sawa, 401 ni sikutambui, 404 hakuna kitu hapo, 500 seva yenyewe imeharibikiwa. (Kuna na 418, maana yake "mimi ni birika la chai". Sitanii. Ilitoka tarehe 1 Aprili 1998, siku ya wajinga, na mpaka leo kuna programu zinazoijua.)

M-Pesa yenyewe ilianza Machi 2007. Kwa miaka mingi mwenye duka la mtandaoni aliyetaka kulipwa alifanya hivi: mteja anatuma pesa, anapata meseji yenye namba ya risiti, anaiandika kwenye tovuti, halafu mtu anakaa na simu mkononi akilinganisha risiti moja moja. Mitambo ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, na mwaka huohuo Safaricom wakaanza kuwafungulia watengeneza programu API. Ile ya kwanza ilikuwa nzito, yenye XML ndefu za kuumiza macho. Mwaka 2017 ikaja Daraja: unajiandikisha kwenye tovuti, unapewa funguo, na unapewa uwanja wa majaribio wenye namba yake ya biashara, 174379, ambayo kila aliyewahi kujifunza anaijua kwa moyo kama namba ya simu ya nyumbani.

Huo uwanja wa majaribio ni zawadi kubwa. Tatizo ni kwamba wengi wanaingia humo mara moja, wanapiga goli moja kwenye lango tupu, wanaondoka.

SIFURI MBILI

Tufuate lipo moja toka mwanzo mpaka mwisho. Nenda nami polepole maana hapa ndipo penye kiini.

Kwanza programu yako inajitambulisha. Unapeleka zile funguo, unarudishiwa tokeni. Si tokeni ya stima, ingawa nayo inakwisha: imeandikiwa sekunde 3599, yaani saa moja kasoro sekunde moja. Tia alama hapo, tutarudi.

Pili unapeleka ombi lenyewe: namba ya biashara, kiasi, simu ya mteja, na anwani ya mtandao ambako unataka matokeo yaletwe. Jibu linarudi papo hapo, na ndani yake kuna ResponseCode, na thamani yake ni 0. Sifuri ni sawa.

Sawa nini sasa? Sifuri hii inasema jambo moja tu, kwamba ombi lako limepokelewa. Mteja bado hajaweka PIN. Pengine hata hajaona kitu, simu iko kwenye chaji chumba cha pili.

Tatu, simu ya mteja inaleta kile kijisanduku cha kuuliza kama anataka kulipa. Anaweka PIN, au haweki. Nne, na hii ndiyo hatua watu wanaisahau, Safaricom wanaigongea seva yako kwenye ile anwani uliyotoa na kuleta matokeo. Humo ndani kuna kitu kinaitwa ResultCode. Ikiwa ni 0, sasa ndiyo pesa zimeingia, na unapewa kiasi na namba ya risiti. Ikiwa ni 1, salio halikutosha. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu.

Kwa hiyo kuna sifuri mbili. Ya kwanza ni ya kupokelewa kwa fomu, ya pili ni ya pesa. Majina yake yanakaribiana, ResponseCode na ResultCode, na mtu mwenye usingizi saa sita za usiku anazichanganya kirahisi kabisa.

Namjua kijana mmoja, fundi mzuri tu, aliyemtengenezea dada mmoja mwalimu tovuti ya kuuza mazoezi ya mitihani. Ukilipa, mafaili yanafunguka. Yeye alifungua mlango kwenye sifuri ya kwanza. Kila alipojaribu aliweka PIN, kwa hiyo hakuona tofauti yoyote, mlango ulifunguka na pesa ziliingia. Wanafunzi hawakuchukua hata wiki kugundua kwamba ukibonyeza kughairi mafaili yanafunguka vilevile. Na wanafunzi mnawajua. Habari ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mwalimu hajafungua daftari lake la hesabu. Mwisho wa mwezi alikuwa na "wateja" ambao hajawahi kuwaota, na pesa za kununua mkate na maziwa. Kazi ya miezi yote ya kutunga yale maswali imeshasambaa, hairudishiki.

Jaribio ambalo lingeokoa yote hayo ni la sekunde kumi. Bonyeza ghairi, utazame.

KIMYA

Sasa tuje kwenye gumu zaidi. Kukataliwa si tatizo kubwa, kukataliwa ni jibu. Tatizo ni kimya.

Umetuma ombi, na kabla jibu halijarudi mtandao umekatika. Je, ombi lilifika? Hujui. Kwa upande wako, ombi lililopotea njiani wakati wa kwenda na jibu lililopotea wakati wa kurudi yanafanana kabisa, kama meseji isiyojibiwa. Mwanafunzi wa programu akifika hapa anaandika mistari miwili: ikishindikana, tuma tena. Matokeo yake mteja anapata ombi la kwanza, anaweka PIN, halafu linakuja la pili, anafikiri la kwanza halikufaulu, anaweka PIN tena. Biriani moja, malipo mawili. Sasa mama wa watu anashinda kwenye simu akirudisha pesa na kuomba radhi kwa kosa asilolijua.

Wenzetu wa mbali wana dawa yake. Kampuni ya malipo ya Stripe, kwa mfano, inakuruhusu uambatanishe na kila ombi namba ya pekee unayoibuni mwenyewe. Ukituma ombi lilelile mara tatu na namba ileile, wao watalitekeleza mara moja tu na kukurudishia jibu lilelile. Kurudia hakuna madhara. Ukikutana na API yenye kitu hicho, kitumie siku ya kwanza, usingoje janga.

Kama hakipo, unajilinda wewe mwenyewe. Andika oda kwenye hifadhidata yako kabla hujatuma chochote, na hali yake iwe "inasubiri". Oda ikiwa inasubiri, kile kitufe cha kulipa kifungwe. Daraja inakupa njia ya kuuliza ombi fulani limefikia wapi, ukitumia namba inayoitwa CheckoutRequestID. Uliza kwanza, ndipo uamue kutuma tena.

Mjanja mmoja hapo nyuma ataniuliza: na kama jibu la kwanza ndilo lililopotea, hiyo CheckoutRequestID nitaipata wapi? Swali zuri sana. Inakuja na jibu lile lile lililopotea! Na matokeo yakija baadaye yatakuwa na namba ambayo programu yako haijawahi kuiona, na namba ya oda uliyoiandika kwenye ombi haimo ndani yake. Pesa zimeingia, lakini hujui ni za nani. Mafundi wazoefu wanaziba tundu hili hivi: namba ya oda wanaiweka ndani ya ile anwani ya kuletea matokeo. Oda 57 inapewa anwani yake, inayoishia na kitu kama /jibu/57-x9k2mq. Matokeo yakigonga hapo, unajua ni ya nani hata kama jibu la kwanza lilizama baharini. Zile herufi za ovyo mwishoni si pambo. Zinamzuia mtu kubahatisha anwani.

Kwani kuna mtu atabahatisha? Eeh, yupo. Anwani ya kupokea matokeo lazima iwe wazi kwenye intaneti, la sivyo Safaricom wenyewe hawataifikia. Ikiwa wazi kwao, iko wazi kwa kila mtu. Mtu akishajua umbo la yale matokeo, na umbo limeandikwa kwenye maelezo ya API ambayo kila mtu anasoma, anaweza kukutumia karatasi ya kughushi yenye ResultCode 0 na risiti ya kubuni. Programu isiyouliza maswali itampa mzigo wake na kumwambia karibu tena. Basi usiyaamini matokeo kwa sababu tu yamefika. Rudi ukaulize dirishani mwenyewe: hili lipo limekamilika kweli?

Na ulinganishe kiasi. Nimeona tovuti ambazo bei inakokotolewa ndani ya kivinjari cha mteja halafu ndiyo inatumwa M-Pesa. Mteja anayejua kubonyeza F12 anaibadilisha 3,500 kuwa 1. Analipa shilingi moja, ya kweli, risiti ya kweli, sifuri ya kweli. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa bei. Bei ikokotolewe kwenye seva yako, na matokeo yakija uangalie kama kilicholipwa ndicho kilichodaiwa.

Yapo na mambo madogo ambayo hayana drama lakini yanakera. Daraja inataka namba ya simu ianze na 254. Watu wanaandika 0712, wanaandika +254, wanaacha nafasi katikati, na kuna namba za 01 zilizoanza kutolewa mwaka 2019 ambazo programu za zamani zinazikataa kwa sababu ziliambiwa simu ya Kenya huanza na 07. Halafu ile tokeni. Programu inayoiomba mara moja asubuhi na kuishikilia itapita kwenye maonyesho yako ya dakika ishirini mbele ya mteja, itakufa baada ya saa moja wakati wewe uko kwenye matatu unarudi nyumbani.

ZANA, BILA MBWEMBWE

Sasa utajaribuje yote haya ukiwa kwenye mashine ya saiba? Huwezi kuagiza mtandao ukatike kwa wakati unaoutaka wewe. Huwezi kumwomba rafiki aghairi mara arobaini.

Zana ya kwanza ni curl. Ni programu ya mstari wa amri ya kutuma maombi ya HTTP, iliyotoka kwa jina hilo mwaka 1998 kwa kazi ya Msweden Daniel Stenberg, na ipo karibu kila mahali. Hata Windows za siku hizi zinakuja nayo. Kama hupendi dirisha jeusi, ipo Postman, iliyoanza mwaka 2012 kama nyongeza ndogo ya Chrome aliyoitengeneza Abhinav Asthana wa India. Postman inakuhifadhia maombi yako kwa makundi, nzuri kwa kujifunza. Mimi napenda curl kwa sababu ninaweza kuitia ndani ya faili na kuirudia kesho bila kukumbuka chochote.

Watu wengi wanafikiri hawawezi kujaribu matokeo ya M-Pesa bila kuwa na seva kwenye intaneti. Kuna zana kama ngrok zinazoipa kompyuta yako anwani ya muda ya nje, na ni nzuri, lakini mashine nyingi za saiba hazikuruhusu kusakinisha kitu. Basi jigeuze Safaricom! Andika faili, liite ghairi.json:

{"Body": {"stkCallback": {"CheckoutRequestID": "jaribio_1", "ResultCode": 1032}}}

Halafu igongee programu yako mwenyewe inayoendeshwa palepale:

curl -X POST http://localhost:8000/jibu/57-x9k2mq -H "Content-Type: application/json" -d @ghairi.json

Hakuna intaneti iliyotumika. Hata dakika zako zikiisha unaweza kuendelea nyumbani. Tengeneza faili la salio kutotosha, la simu kutopatikana, la malipo mazuri, la kiasi kisicholingana. Lile la malipo mazuri litume mara mbili mfululizo, uone kama programu itahesabu oda mbili. Usijenge kwa kudhani ujumbe wa mtandao utafika mara moja tu.

Na yule "msemaji wa dirishani" unayemwuliza kama lipo ni la kweli? Naye mwigize. Andika kijiprogramu cha mistari ishirini kinachojibu unavyotaka: leo kikubali, kesho kikatae, kesho kutwa kinyamaze sekunde sitini. Ukishakuwa na mwigizaji huyu, kile kimya tulichokiogopa unakipata kwa kubonyeza kitufe.

Baada ya kufanya hivi kwa mkono wiki moja utachoka. Ni vizuri uchoke, maana hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu waliamua kuiachia kompyuta ijijaribu. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Badala ya kulala, wakaandika JUnit, zana ndogo ya kuendesha majaribio ya programu za Java, na lugha karibu zote zikaiga wazo hilo. Kwenye Python utatumia pytest, na jaribio linakuwa hivi:

def test_mteja_akighairi_mafaili_hayafunguki():
    oda = unda_oda(kiasi=350)
    pokea_matokeo(oda, ResultCode=1032)
    assert oda.hali == "haijalipwa"

Ona jina lake. Nimeliandika kwa Kiswahili makusudi. Kompyuta haijali, na mimi baada ya miezi sita nitasoma majina tu nijue programu iliahidi nini. Ukiwa na majaribio thelathini ya aina hii yanakwisha kwa sekunde chache, na unayaendesha kila unapogusa kitu. Yule kijana wa mitihani sasa analo hili, jina karibu hilohilo.

Siwaambii mjaribu kila mstari. Kuna watu wameifanya kuwa dini, wanajaribu hata kama moja na moja ni mbili. Jaribu pale pesa zinapopita, pale mlango unapofunguka, na pale ulipowahi kuletewa malalamiko. Kila malalamiko yageuze kuwa jaribio kabla hujarekebisha, yasije yakarudi na nguo nyingine.

Git mnaijua, au mnajifanya mnaijua. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 ili kutunza mabadiliko ya Linux. Kila badiliko lina tarehe, mwandishi na sababu, na unaweza kurudi nyuma. Ila kurudi nyuma huko kuna upande wake wa pili. Ukipandisha zile funguo za Daraja kwenye GitHub ndani ya faili lako, halafu ukashtuka ukazifuta, hazijafutika. Zimo kwenye historia, na kuna programu za watu zinazozunguka usiku na mchana kutafuta funguo za namna hiyo. Dawa ni kuzibatilisha na kuomba mpya, siku hiyohiyo. Na funguo zisikae ndani ya programu kabisa, ziwe kwenye mazingira ya seva au faili ambalo Git imeambiwa ilipuuze. Kwenye saiba zidi kuwa mwangalifu: toka kwenye akaunti zote, futa folda, na usiache kivinjari kikukumbuke. Anayekalia kiti hicho baada yako humjui.

Jambo la mwisho la zana ni kupeleka kazi kwenye seva. Wengi wanaburuta mafaili kwa mkono, moja moja. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilipaswa kuwekwa kwenye seva 8, fundi akaiweka kwenye 7. Ya nane ilibaki na mistari ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, na alama iliyopaswa kuwasha kazi mpya ikaiamsha ile ya kale, ikaanza kununua na kuuza kama mwehu. Hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakiki. Wewe huna seva nane, najua. Lakini una mafaili manane, na siku moja utasahau la nane. Andika amri moja ambayo inaendesha majaribio kwanza, yakipita inapeleka kila kitu, yasipopita inagoma. Kwenye GitHub kazi hiyo inaweza kufanyika yenyewe kila unapopandisha mabadiliko.

Mtaniuliza kuhusu ChatGPT na ndugu zake, maana siku hizi nusu ya saiba wanaandika programu kwa kuziomba. Sina ugomvi nazo. Ila ukiiambia tu "niandikie malipo ya M-Pesa" mara nyingi itakupa njia nzuri ya mchana kweupe: ombi, PIN, asante. Kughairi, kimya, karatasi ya kughushi, inabidi uulize wewe, na ili uulize inabidi ujue kwamba mambo hayo yapo. Majaribio yaandike kwanza wewe, halafu iache ihangaike kuyapita.

Kama uko saiba sasa hivi na umebakiwa na dakika ishirini, usianze na pytest wala Git. Fungua ile tovuti uliyoimaliza wiki jana, agiza kitu, na ombi likija kwenye simu, bonyeza ghairi. Halafu agiza tena, ombi likija usilijibu, liache life lenyewe. Tovuti inasema nini mara ya kwanza, na inasema nini mara ya pili? Kama mara zote mbili imekuandikia asante, mpigie mteja wako leo, kabla wateja wake hawajagundua.